Nadhiri Niliyoiwekea Injini

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Ubaridi kidogo. Upepo hakuna.

Wahida kaniambia niandike hivyo tu kila asubuhi. Anasema injini inavuta hewa kama binadamu, na hewa ya leo si hewa ya jana, kwa hiyo gari likibadilika tabia anataka arudi asome mama yake kaandika nini. Kipimajoto anacho. Lakini kipimajoto, anasema, hakijui kuandika "jasho linanitoka nami nimekaa".

Mimi nilisoma mpaka darasa la saba na mwandiko wangu ulisifiwa na walimu wawili. Sijawahi kupewa nafasi ya kusema mstari mmoja nikasema mmoja. Basi atayasoma na mengine humu, asinilaumu.

La kwanza ni hili. Magari ya siku hizi yana kompyuta inayoiambia injini imwage petroli kiasi gani na ichome lini. Vijana wenye magari ya tabo (tabo ni kile kipulizio kinachoisukumia injini hewa kwa nguvu mpaka gari liruke) hung'oa kompyuta ya kiwandani wakaweka nyingine ya kununua, na hiyo ya kununua huja tupu, kama chungu ambacho hakijapikiwa. Lazima mtu akae nayo aifundishe. Vijana wanaita kutyuni. Kutoka hapa Bagamoyo mpaka Msata sijasikia mwingine anayeiweza kazi hiyo isipokuwa mmoja, na huyo mmoja nimemzaa mimi Mwanahija, uchungu wa siku mbili.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Ghaith kaleta gari.

Huyu Ghaith ni mtoto wa Bi Ahlam, wale wenye duka la mabati na saruji, watu wa asili ya Oman. Kijana ana adabu, shikamoo yake haiji mpaka ausimamishe mguu wake. Gari lake ni Subaru ya buluu, ya tabo, na injini iliyomo ni ya pili. Ya kwanza ilikufa mwaka jana, pistoni ilitoboka tundu la kupitisha kidole. Kisa chake mji mzima tunakijua ila hatukisemi mbele yao. Kompyuta ya gari ilifundishwa na binamu yake, Mazin, aliyeko Maskati. Gari liko hapa, mwalimu yuko kule, faili likaja kwa simu. Na katika nyumba ile kitu kikitoka Maskati hakiulizwi swali, kiwe tende, kiwe udi, kiwe dawa ya mafua. Faili likatiwa. Kumbe limeandikwa kwa petroli ya kule, na gari linakunywa petroli ya huku. Injini ilipokufa wakasema ilikuwa mbovu tangu zamani, kwa sababu Mazin ni mkubwa wa ukoo, nani atamwambia.

Sasa Ghaith anataka kukimbia kwenye mashindano ya Kiwangwa mwezi wa sita. Kaja kwa Wahida mwenyewe, kwa miguu yake, bila ya kushawishiwa. Niliwapikia chai ya maziwa ili majirani waone gari limekaa muda mrefu uani kwangu.

Ijumaa, 18 Aprili

Mvua kubwa, kisha jua, kisha mvua.

Leo kulikuwa na akika ya mtoto mchanga hapa mtaani, wanawake tumejaa ukumbini, na Bi Ahlam kakaa karibu na mlango panapopita upepo. Akasema, huku anakoroga kahawa ambayo haina sukari ya kukorogwa, kwamba mwanawe kapeleka gari kwa binti Mwanahija, na kwamba huenda likirudi litakuwa limefundishwa kuchoma vitumbua.

Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, maana mimi vitumbua ndivyo vilivyomsomesha Wahida ufundi wa umeme, na ndivyo vilivyompangishia chumba Dar miaka minne alipokuwa anajifunza kazi kwenye gereji za watu. Nikacheka mpaka wote wakanyamaza, nikabaki nacheka peke yangu. Kisha nikasema:

"Bi Ahlam, injini ya kwanza ilifia mikononi mwa mtu aliyeko ng'ambo ya bahari. Hii ya pili ikifia mikononi mwa Wahida, bango la gereji nitaling'oa mimi mwenyewe mbele yenu, na mwanangu hatagusa gari la mtu tena katika mji huu. Nimeweka nadhiri."

Kwetu nadhiri si neno la kutupa. Kuna mtu aliweka nadhiri ya mbuzi akafa hajaitimiza, wanawe wakauza kitanda wamnunue mbuzi.

Nilirudi nyumbani kifua mbele nikamsimulia Wahida. Aliweka spana chini, akajifuta mikono kidole kwa kidole. Akauliza tu, "Mama, ulisema nani hatagusa gari?"

Jumatatu, 21 Aprili

Mvua. Wahida hajaniambia neno zaidi ya shikamoo na nimeshiba.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua, ubaridi mtamu. Injini imewaka kwa kompyuta mpya.

Nilikuwepo. Laptopu kaiweka juu ya kiti cha plastiki, waya umepita dirishani, Ghaith kwenye ufunguo. Mara ya kwanza likakohoa. Mara ya pili likatema moshi mweusi ukanichafulia shuka nililoanika. Mara ya tatu likashika, likanguruma kwa kusitasita, kama mtu anayesoma kwa herufi. Wahida anabofya, anasikiliza, anabofya. Polepole ngurumo ikanyooka.

Nilitamani marehemu baba yake angekuwepo. Alikuwa akisema huyu mtoto anafungua redio kama daktari.

Jumapili, 27 Aprili

Mvua. Vitumbua vimelala.

Jumamosi, 3 Mei

Mawingu, manyunyu, ubaridi. Tumekwenda Kiwangwa.

Barabara kubwa ya Msata huwezi kupimia gari la namna hii, kila mahali trafiki kasimama na tochi. Lakini kaka yangu Majaliwa ana mananasi Kiwangwa, na katikati ya shamba kuna njia yake mwenyewe, imenyooka, kisha inapanda kilima. Wahida anakitaka kilima hicho. Anasema gari likipanda kwa gia ya tatu linabeba mzigo kama linakimbia sana, na kumbe halikimbii sana. Ghaith anaendesha, Wahida kakaa pembeni na laptopu mapajani na hedifoni masikioni. Hedifoni hizo si za muziki. Kafunga kinasa sauti kwenye injini yenyewe, anasikiliza kama injini "inagonga". Kugonga ndiko kunakotoboa pistoni.

Wakapanda, wakashuka, wakapanda. Kila wakishuka anabadilisha kitu, anaongeza upepo wa tabo kidogo. Mchana gari lilipokuwa linapanda, mimi niliyekaa barazani kwa Majaliwa na sufuria la pilau nilihisi kifua kinatetemeka. Ghaith aliposhuka alikuwa anacheka peke yake. Akasema ile ya Mazin haikuvuta hivi hata siku moja.

Niliyasikia hayo kwa masikio yangu. Nikapiga simu palepale shambani, kwa watu wanne, na watatu kati yao ni jamaa wa Bi Ahlam. Nikawaambia mbio za Kiwangwa wasijisumbue kwenda kutazama nani wa kwanza, waje kutazama nani wa pili.

Wahida alisikia. Akasema kazi haijaisha. Nikamwambia mimi naonja tu chumvi.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua. Bi Ahlam kanipita sokoni akaangalia ndizi.

Jumanne, 13 Mei

Mvua. Ukuta wa uani umenyonya maji mpaka kiunoni.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua imekatika jana. Leo jua kali, na ardhi inatoa mvuke kama sufuria lililofunuliwa. Jasho linanitoka nami nimekaa. Haya, Wahida, hilo neno lako ulilolitaka.

Jumapili, 18 Mei

Jua kali kuliko jana.

Nitaandika kama yalivyotokea.

Tulikwenda Kiwangwa tena, kulimaliza, kama nilivyowatangazia watu. Mara ya kwanza lilipanda vizuri. Mara ya pili pia. Mara ya tatu, nikiwa barazani namenyea nanasi watoto wa Majaliwa, nikasikia ngurumo inapanda na kilima kisha ikakatika ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo. Gari likasimama katikati ya mlima. Nikaona boneti inafunguliwa.

Sijui kisu nilikitupa wapi. Nilikimbia kwenye tope lile nikiwa na ndara moja, mguu mwingine umebaki tope. Nilipofika Ghaith alikuwa kasimama kando ya njia mikono kichwani, na Wahida kainama ndani ya boneti mpaka kiunoni. Ghaith akanieleza kwamba Wahida alipiga dashibodi kwa kiganja, akamwambia achia, na yeye akachelewa kidogo kuachia kwa sababu gari lilikuwa tamu.

"Kidogo kiasi gani?" nikamuuliza.

"Kidogo, Mama Wahida."

Tulingoja injini ipoe. Kisha Wahida akatoa plagi, vile vitoa cheche, moja moja, kila moja anaifuta, anaigeuza juani. Ya tatu aliiangalia muda mrefu. Nikaomba nione. Kwenye kauri nyeupe ya ncha yake palikuwa na vidoa vinavyong'aa, vidogo kuliko chumvi. Nikasema ni uchafu. Akasema, "Hapana, Mama. Hiyo ni pistoni. Imeanza kumeguka."

Nililiona bango. Nilijiona niko juu ya ngazi na nyundo, na wale wanawake wa akika wamejipanga chini. Halafu nikamwona Wahida akichoma vitumbua karibu nami mpaka tuzeeke wote wawili, na mikono yake ile.

Akaleta kipimo cha kupima pumzi ya kila silinda, kama daktari anavyopima presha. Ghaith anazungusha injini kwa ufunguo, Wahida anasoma mshale. Majaliwa akataka kusema kitu nikamwambia anyamaze. Ya kwanza nzima. Ya pili nzima. Ya tatu akaipima mara mbili, akanyanyuka, akakaa chini kwenye nyasi.

"Nzima," akasema. "Imekwaruzwa tu, imepona."

Nilimkumbatia Majaliwa, ambaye hakufanya lolote.

Wahida akatueleza. Kosa lake, alisema, bila ya kuzungukazunguka. Kompyuta aliifundisha katika siku za mvua, hewa ya baridi, na injini ikivuta hewa ya baridi huvumilia mengi. Leo hewa ni ya moto, na cheche aliipanga iwahi mno na upepo ni mwingi mno. Mimi nikaelewa kwa njia yangu: kitumbua hakina shida na unga wala nazi, ni mafuta ndiyo yamepitiliza moto, na wewe unamimina kwa mazoea ya asubuhi.

Akapunguza upepo, akachelewesha cheche. Wakapanda tena. Hakuna kugonga. Lakini kifua changu barazani hakikutetemeka. Ghaith aliposhuka uso ulikuwa umemshuka.

"Dada Wahida, sasa hii si iko chini ya ile ya Mazin?"

"Iko chini."

"Na mbio?"

"Utafika mwisho."

"Kufika mwisho hata punda wa kokoto anafika."

Wahida alifunga laptopu.

Jumatatu, 19 Mei

Jua.

Nilimwambia jana usiku na nikamrudia asubuhi. Arudishe kidogo tu. Robo ya kile alichopunguza. Watu nimeshawaambia, nitauweka wapi uso wangu. Na mashindano ni saa chache tu, injini ishindwe kuvumilia saa chache? Mimi nilivumilia uchungu siku mbili.

Akanisikiliza mpaka mwisho, alivyofundishwa na mimi mwenyewe. Akasema, "Nadhiri uliiweka wewe, Mama. Injini naisikiliza mimi."

Hakupaza sauti. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumanne, 20 Mei

Jua. Sisemi naye.

Jumatano, 21 Mei

Jua. Bado. Kala vitumbua sita.

Jumamosi, 24 Mei

Mawingu asubuhi, joto mchana.

Nimekwenda nao Kiwangwa, na nimekataa kukaa barazani. Nikasema kama ni kusikiliza nami nina masikio. Wahida akanifungia mkanda, akanivika hedifoni juu ya mtandio, akakaa nyuma. Ghaith akasema bismillahi, tukapanda.

Nilishika mlango na kiti na jina la Mola wangu. Lakini masikioni! Ngurumo nzito, safi, imejaa, kama kisomo cha watu wengi waliopatana sauti. Tulipofika juu nikasema mbona haina kitu, inasikika afya tupu. Wahida akasema ndiyo, haina kitu. Kisha akanichezea sauti aliyoirekodi siku ile, ya ule mpando wa tatu. Ngurumo ileile. Halafu ndani yake, kwa mbali, kokoto. Kama mtu anatupa kokoto moja moja kwenye sufuria la bati, tiki, tiki, kisha nyingi kwa pamoja, kisha kiganja cha Wahida kwenye dashibodi.

Nikaivua. Nikamwambia aifute sauti hiyo, akasema haifuti.

Tulirudi nyumbani. Mimi simwombi mwanangu radhi, sikuzaliwa hivyo na hakuzaliwa kuzingoja. Nilinunua pweza, nikampika kwa nazi nzito mpaka jirani wa pili akatuma mtoto kuuliza kuna nini. Wahida alikula, akanibusu mkono wa kuume. Yamekwisha.

Na kuanzia leo nikiulizwa kuhusu gari nasema hivi: mwanangu ana uwezo wa kuliongezea, na hataki. Tafuta fundi mwingine mwenye uwezo na asiyetaka. Jeuri kama hiyo haipatikani dukani kwa Bi Ahlam.

Ijumaa, 30 Mei

Manyunyu. Nimeisema hiyo kwa watu kumi.

Jumatatu, 2 Juni

Upepo wa kusi, hewa kavu. Mazin kafika kutoka Maskati kula Idi na shangazi yake. Ghaith kazima simu.

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Jua zuri. Nimevaa gauni la kijani. Watu wameniangalia.

Jumatatu, 9 Juni

Jua. Joto tangu saa tatu.

Walikuja wote watatu baada ya alasiri. Bi Ahlam mbele, Ghaith katikati kichwa chini, na mwanamume mrefu wa kanzu nyeupe na kofia ya nakshi, ndiye Mazin. Kanisalimia vizuri, na mimi nikamjibu vizuri, mgeni ni mgeni. Bi Ahlam akasema wamekuja kuchukua gari. Mazin kaandika faili jipya, lenye nguvu zaidi, atalitia mwenyewe leo, ndiyo zawadi yake ya Idi kwa Ghaith. Kwao zawadi ya mkubwa hairudishwi. Na kwetu pia, nisiseme uongo.

Wahida alikuwa kasimama nyuma yangu mlangoni mwa banda. Nikahisi anavuta pumzi ya kuwapisha, maana yeye ana adabu. Nikatangulia. Nikasimama katikati ya lango, mkono huku na mkono huku, na mimi si mwembamba.

"Bi Ahlam," nikasema, "mgeni tunampa chakula, tunampa kitanda, tunampa na dua. Injini hatumpi."

"Gari ni la mwanangu, Mwanahija."

"Ni lake. Akitaka litoke, litoke sasa hivi. Lakini kwanza nitawaita wanawake wote wa ile akika waje walisikie likinguruma likiwa zima, wajue limevuka kizingiti changu lina uhai. Nadhiri yangu iishie hapa. Litakalotiwa baada ya hapo, liwekeeni nadhiri yenu."

Ghaith akanong'ona, "Mama, tuondoke."

Lakini Mazin akawa ananiangalia mimi, si shangazi yake. Akauliza ni nadhiri gani, na ya nini. Nilimjibu mimi. Nikamweleza akika, na maneno yangu, na kwamba ya kwanza ilikufa.

"Ya kwanza nini?" akauliza.

Ndipo nikaelewa. Hakuwa anajua. Mwaka mzima kila akipiga simu walimwambia linaruka, mashallah, linaruka. Walimstahi kiasi cha kumficha kwamba aliua injini. Ghaith alikuwa anachora ardhi kwa kidole cha mguu.

"Mliniambia linaruka," Mazin akasema, kwa sauti ndogo. "Na mimi nikaandika jingine kali zaidi juu ya lile."

Hapo sikumwonea tena hasira. Mtu amepewa sifa badala ya habari, afanye nini.

Alimwomba Wahida amsikilizishe hiyo sauti ya kugonga. Akaisikiliza mara mbili huku kafumba macho. Kisha wakaingia bandani, wakakaa kwenye viti vya plastiki na laptopu katikati, na Bi Ahlam ikabidi akae barazani kwangu anywe juisi yangu ya ukwaju. Tulikaa kama watu wanaongoja ndugu aliyelazwa. Akaisifu juisi.

Mazin hakubadilisha alichopanga Wahida. Alimwonyesha kitu kimoja ambacho wao wa nchi za joto kali wanakitumia: kompyuta ipewe amri kwamba hewa inayoingia ikipanda joto kupita kiasi, ipunguze upepo wa tabo yenyewe, bila ya kumuuliza dereva. Wahida alikuwa kaweka kidogo, yeye akamwonyesha jinsi ya kuipanga ngazi kwa ngazi. Mwanangu aliniambia baadaye kwamba anaijua kazi huyo bwana, tatizo ni kwamba alikuwa anaifanya gizani. Nikamwambia nimeona, ndiyo maana juisi yake niliitia barafu.

Jumatano, 11 Juni

Jua. Ghaith kaniletea mkate wa ajemi, hakusema kwa nini.

Jumamosi, 14 Juni

Kiwangwa. Jua la utosi, vumbi jekundu. Kivuli hakuna.

Mashindano yenyewe ni hivi: kila gari linatoka peke yake, linapimwa saa, mizunguko minne kati ya mashamba. Mzunguko wa kwanza Ghaith akawa wa pili. Wa pili akawa wa kwanza. Sitaandika nilivyofanya, waliokuwepo wanajua, na mtandio nimeupata.

Wa tatu bado wa kwanza. Ikawa saa saba mchana, hata mawe yamechoka. Mzunguko wa nne, kwenye kile kilima cha mwisho mbele ya watu wote, gari likalegea. Ngurumo ikashuka, likapanda mlima pole, kama bwana anayetoka sala ya Ijumaa. Watu wakapiga mbinja, simu juu wanarekodi. Mtu nyuma yangu akasema, "Kompyuta ya mama vitumbua imekufa."

Nikamtafuta Wahida. Alikuwa juu ya kichuguu, mikono kifuani, anatabasamu. Ile amri ndiyo iliyofanya kazi. Hewa imekuwa moto, kompyuta imepunguza.

Nafasi ya nne. Gari lilirudi Bagamoyo kwa magurudumu yake, nikiwa ndani. Tulipofika Zinga... hapana, nimechoka naandika uongo, Zinga hatukupita, iko upande wa pili. Tulipofika nyumbani Ghaith alizima gari uani, akakaa kidogo na usukani mkononi. Akasema, "Mama Wahida, ningekuwa na faili la pili la Mazin leo, ningekuwa wa kwanza mpaka pale mlimani."

"Na baada ya mlimani?"

Akacheka kwa mara ya kwanza tangu mchana. Aliliacha gari likaguliwe, akaondoka na gari la duka kumpeleka Mazin uwanja wa ndege.

Jumapili, 15 Juni

Jua, upepo wa kusi.

Ile picha ya simu imeshaenea mji mzima. Gari la buluu linalegea, watu wanapiga mbinja. Nilipofungua mlango asubuhi muuza maziwa akanipa pole.

Saa tano wakaja. Bi Ahlam na wanawake sita wa akika, wamevaa mabuibui ya kwendea msibani. Ghaith kalala Dar, simu yake haipatikani, na mama mtu, aliyeona gari halikurudi kwake, ameamini picha. Akasema kwa upole, na nitampa haki yake, hakuwa na furaha usoni:

"Mwanahija, tumekuja kwa ajili ya nadhiri. Sisi Waislamu."

"Kweli, sisi Waislamu," nikasema. "Na maiti hazikwi kabla ya kutazamwa. Karibuni ndani."

Nikawapitisha ukumbini, nikawatoa uani, wakalizunguka gari. Vumbi jekundu limelijaa mpaka kwenye taa. Wahida akatokeza bandani, mikono ina oili, akataka kuja kuliwasha yeye. Nikamwonyesha kiganja, abaki palepale. Nadhiri si yake.

Mimi maisha yangu yote sijawahi kukaa upande ule wa gari. Nilifungua mlango, nikakusanya kanga yangu, nikaketi. Kiti kirefu, miguu haifiki vizuri. Nikashika ufunguo.

"Weka frii kwanza, Mama," Wahida akasema.

"Ipi?"

Akanionyesha kwa mkono, hewani. Nikausogeza ule mti wa gia katikati, ukacheza. Bismillahi. Nikazungusha.

Ilishika mara ya kwanza. Kuku wa jirani wakaruka ukuta. Mmoja wa wale wanawake akarudi nyuma akakanyaga beseni. Nami nikakanyaga petroli, kidogo, kisha si kidogo, na ngurumo ikajaa uani, nzito, safi, hakuna kokoto hata moja. Najua kusikiliza sasa.

Bi Ahlam hakurudi nyuma. Alisogea, akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo kama anavyowekewa mtoto anayesemekana ana homa. Midomo yake ilisema kitu, nadhani alhamdulillahi. Kisha akaja dirishani.

"La nne," akasema.

"La nne. Na hilo la nne nitalisema mpaka Pangani."

Akanitazama, nikamtazama. Akataka kucheka akajizuia, nilimwona.

"Zima basi, Mwanahija. Tumeshasikia."

"Petroli ni ya mwanao, Bi Ahlam," nikamwambia, na mguu sikuuondoa.